Pengo la mdomoni si la kufunikwa kwa kanga

Ukikaa kwenye kivuko cha Pangani asubuhi, watu wakivuka mto kwenda Bweni na wengine wakirudi mjini na ndoo zao za samaki, hebu tazama wanavyocheka. Yupo mama atakayecheka mdomo wazi mpaka abiria wenzake wacheke naye bila kujua kisa chenyewe. Na yupo mwingine ambaye kabla ya kucheka ataivuta ncha ya kanga haraka, afunike mdomo, ndipo acheke. Usidhani huyu wa pili ana haya kuliko mwenzake. Ana pengo.

Wiki hii nataka kuzungumza na huyo mwenye kanga. Nazungumza pia na baba aliyebakiwa na magego mawili ambaye amekwisha jiandikia kuwa yeye ni mtu wa uji, na mzazi ambaye mtoto wake ameanguka mpirani jana na kurudi nyumbani na jino mfukoni.

Wengi wetu tunaamini kwamba jino likishang'olewa, maumivu yakaisha na kidonda kikapona, basi kesi imefungwa. Haijafungwa. Nusu ya pili ya matibabu ndiyo inaanza, na hiyo ndiyo nusu tunayoiruka.

Wahenga wa pwani walituachia msemo: jino la pembe si dawa ya pengo. Siku hizi tunautumia zaidi kwa mambo ya ndoa na misiba, kwamba cha kubandika hakichukui nafasi ya kilichopotea. Lakini usingezaliwa msemo huo kama watu hawakuwahi kuyaona au kuyasikia meno ya pembe. Na Pangani ina sehemu yake katika habari hiyo. Katika karne ya 19 misafara kutoka bara ilikuwa ikiteremka hapa na pembe za ndovu, zikivushwa kwenda Unguja na kutoka huko kwenda ng'ambo. Huko Ulaya na Marekani mafundi walikuwa wakichonga meno bandia kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Meno bandia aliyovaa katika maisha yake yalitengenezwa kwa meno ya kiboko, madini ya risasi na meno ya watu wengine, na yalimtesa hadi anakufa. Jino la pembe lilikuwa likioza, likinuka, likicheza mdomoni. Kwa jino la aina hiyo wahenga walisema kweli tupu.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Katikati ya karne ya 19 yalikuja meno yaliyoshikizwa kwenye raba ngumu. Kuanzia miaka ya 1930 ikaja akriliki, ile plastiki ngumu ya rangi ya ufizi ambayo bado inatumika hadi leo. Na mwaka 1965, nchini Sweden, Profesa Per-Ingvar Brånemark alianza kumwekea mgonjwa mizizi ya madini ya titani ndani ya mfupa wa taya, baada ya kugundua kwamba mfupa huishika titani kana kwamba ni sehemu ya mwili. Kwa hiyo msemo ubaki kwenye mambo ya mapenzi. Kliniki usiingie nao.

Sasa tuone pengo linafanya nini kinywani. Meno hayakusimama peke yake, yanategemeana. Ukitoa moja, la jirani huanza kuegemea upande ulio wazi, kama nguzo za uzio uliong'olewa mti mmoja. Jino la taya la upande wa pili, lililokuwa likikutana nalo wakati wa kutafuna, sasa halina wa kukutana naye. Taratibu huanza kuteremka au kupanda kutafuta mwenzake. Chakula huanza kunasa mahali ambapo zamani hakikunasa, na meno yaliyokuwa mazima huanza kuoza na kulegea. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "niling'oa moja, yakafuatana yote." Si uchawi.

Mfupa nao hupungua. Ule ukingo wa taya ulikuwepo kwa ajili ya kushika jino. Jino likiondoka, mfupa huanza kuliwa na mwili wenyewe, na kasi kubwa huwa katika miezi ya mwanzo. Kwa aliyepoteza meno yote, mashavu hubonyea, midomo huingia ndani na kidevu husogea karibu na pua. Mtu wa miaka 50 anaitwa babu na makonda wa basi. Hapo ndipo kauli ya "nitaweka mwakani nikiuza nazi" inapogharimu, maana mfupa ukishapungua sana, meno bandia hukosa pa kushika na kipandikizi hukosa pa kuzama.

Kuhusu chakula sina haja ya kukuhubiria, wewe unakijua chakula cha Pangani. Pweza, ngisi, muhogo wa kuchoma, mahindi ya kuchoma, mua, korosho, embe bichi la chumvi na pilipili. Kimoja baada ya kingine hutoka kwenye sahani ya mwenye mapengo. Kinachobaki ni uji, wali uliolainishwa, na andazi lililochovywa kwenye chai ya sukari, asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwa mzee mwenye kisukari mlo huo ni hatari, na kisukari kisichodhibitiwa nacho huharibu fizi na kulegeza meno yaliyobaki. Familia inadhani mzee amekosa hamu ya kula. Muulize kwanza kama anaweza kutafuna.

Tena kuna kusema. Herufi F na V hutoka kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. TH na DH zinahitaji ncha ya ulimi ifike kwenye meno ya mbele. Ondoa meno hayo, na "dhahabu" inatoka kama upepo. Kwa muuza samaki huenda si neno. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa muadhini, kwa ustadhi wa madrasa anayewasahihisha watoto matamshi siku nzima, ni kazi yake inayoondoka pamoja na meno. Nimewasikia wazee wenye elimu kubwa wakikataa kusoma mbele za watu, na sababu wanayoitoa ni macho.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawagusa watu karibu bilioni 3.5 duniani, na kwamba katika watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, asilimia 23 hivi hawana jino hata moja. Kwa hiyo kama wewe ni mmoja wao, hauko peke yako kwenye kivuko.

Niseme jambo ambalo wenye biashara ya meno hawatalipenda: si kila pengo linahitaji kujazwa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, uliowahusisha watu zaidi ya 700 waliopoteza baadhi ya magego, ulionyesha kwamba mtu mwenye meno yake ya mbele, magego madogo yote, na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anaweza kutafuna vyakula vyetu vizuri tu. Taabu ilikuwa kwa waliobakiwa na machache kuliko hapo, hasa kwa vyakula vigumu. Kwa hiyo ukikosa gego moja la mwisho kabisa nyuma na unakula bila shida, usikubali kutishwa ukauze mbuzi. Lakini kama umepoteza la mbele, au upande mzima wa kutafunia, au unakula upande mmoja tu mpaka taya inauma, pengo lako lina haki ya kutibiwa kama ugonjwa mwingine wowote.

Na kabla hatujafika kwenye kujaza, turudi nyuma hatua moja: je, jino lenyewe lilikuwa lazima ling'olewe? Jino lililotoboka linaweza kuzibwa. Lililooza mpaka ndani likakunyima usingizi, mara nyingi linaweza kutibiwa mzizi, likasafishwa ndani, likazibwa, na baadaye kuvikwa kofia. Najua kwa nini watu husema "ng'oa tu, daktari." Ametoka Mkwaja au Kipumbwi, nauli ni ile ile moja, uso umevimba, na matibabu ya mzizi yanaweza kumtaka arudi mara mbili au tatu. Kung'oa ni siku moja na bei yake ni ndogo. Ila hiyo bei ndogo ni ya kutangulizia. Iliyobaki utailipa kwa pengo, miaka yote iliyosalia. Kwa hiyo kabla ya ganzi kuchomwa, uliza maneno haya: "Hili jino linaweza kuokolewa? Wapi, na kwa gharama gani?" Daktari mzuri hatachukia swali hilo.

Ukishakuwa na pengo, njia ni tatu. Ya kwanza na ya bei nafuu ni meno bandia ya kuvaa na kuvua, ya jino moja, machache au taya nzima. Ya pili ni daraja: jino bandia linaloshikizwa moja kwa moja kwenye meno ya pande zote mbili. Halivuliwi na linakaa kama lako, lakini meno ya jirani lazima yachongwe ili yavikwe kofia, na kama yalikuwa mazima kabisa, fikiri mara mbili. Ya tatu ni kipandikizi, ule mzizi wa titani. Hakigusi meno ya jirani, na ndicho kinachokaribia zaidi jino la kuzaliwa nalo, lakini ni upasuaji, ni ghali, mara nyingi husubiriwa miezi kadhaa ili mfupa ukishike, na mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana hatari kubwa zaidi ya kukipoteza. Vijana ambao bado wanakua hawawekewi. Taya lazima imalize kukua kwanza.

Nitakaa zaidi kwenye hii ya kwanza, kwa sababu ndiyo wengi wetu tutaipata, na ndiyo inayosemwa vibaya.

Shangazi yangu alitengenezewa seti nzima, juu na chini, katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Aliivaa siku mbili. Siku ya tatu akaiweka kwenye kikombe cha bati, kikombe kikaingia kabatini, na kwa miezi minne kila mgeni aliambiwa, "Haya meno ni ya maonyesho tu." Tulipomhoji, ikajulikana kwamba seti ya chini ilikuwa ikimchubua ufizi mahali pamoja, padogo kama punje ya mtama. Aliporudi, daktari alipasugua pale kwa dakika chache, na shangazi akaondoka akiwa anatafuna karanga njiani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kurudi kurekebishwa ni sehemu ya matibabu, wala si kulalamika.

Basi wewe nakuambia mapema. Wiki za kwanza mdomo utahisi umejaa, mate yatazidi, na maneno yatajikwaa. Soma gazeti hili kwa sauti kila jioni, ulimi utazoea. Anza na vyakula laini vilivyokatwa vidogo, utafune pande zote mbili kwa pamoja, maana ukitafuna upande mmoja meno hunyanyuka upande wa pili. Seti ya chini hucheza zaidi kuliko ya juu; ulimi unaisukuma na haina kaakaa la kushikilia. Nguvu ya kutafuna haitakuwa ile ya meno ya asili, na anayekuahidi mua siku ya kwanza anakudanganya. Pakichubuka, rudi. Usichonge mwenyewe kwa kisu wala tupa. Yakivunjika, usiyaunge kwa gundi ya dukani: gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na yakiungwa kombo hayatakaa tena.

Usiku yavue. Fizi nazo zinahitaji kupumua, na anayelala nayo kila siku hujitafutia fangasi, ule wekundu unaowaka kwenye kaakaa. Yasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjikie sakafuni, kisha uyaloweke kwenye maji ya baridi. Maji ya moto huyapinda. Kama bado una meno yako machache, hayo ndiyo ya kuyalinda kuliko yote, kwa mswaki na dawa yenye floridi mara mbili kwa siku, kwa sababu ndiyo nguzo za yale ya bandia. Mswaki wa mti unafaa kusugulia, lakini ufikishe hadi nyuma, si kwa ajili ya meno ya mbele pekee. Na kwa wapenzi wa tambuu na ugoro: zaidi ya kuchafua meno, vitu hivyo vinahusishwa na saratani ya kinywa. Hata asiye na jino hata moja anahitaji kinywa chake kiangaliwe, hasa kama ana kidonda kisichopona kwa wiki mbili.

Meno bandia hayadumu milele. Taya inaendelea kupungua chini yake, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa yatalegea na yatahitaji kujazwa upya au kubadilishwa. Hilo nalo si kosa lako.

Wazazi, zamu yenu. Kuna pengo ambalo hutengenezwa kwa mikono yetu. Bado katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, watu husema ana meno ya plastiki, na fizi zake zinachokonolewa ili yatolewe. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki. Kile cheupe kinachoonekana chini ya ufizi ni chonge la utotoni linalojitayarisha kuota. Kulichokonoa kunaweza kumletea mtoto kutoka damu nyingi, maambukizi, hata kifo, na akipona, jino la ukubwani lililokuwa linajengeka chini yake linaweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya. Fizi zake ziacheni.

Magego ya utotoni nayo msiyadharau kwa kuwa "yatang'oka tu." Yanatunza nafasi ya yale yajayo hadi mtoto afikie miaka 10 na zaidi. Likitolewa mapema, muulize daktari kama mtoto anahitaji kifaa cha kutunza nafasi, la sivyo meno ya ukubwani yatakuja kubanana.

Na yule aliyerudi na jino mfukoni? Kama ni la ukubwani, bado linaweza kurudishwa mahali pake, lakini dakika zinahesabika; nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maji safi bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa, na mkimbilie hospitali. Likishindikana kurudi, liweke kwenye kikombe cha maziwa. Watafiti wamejaribu hata maji ya dafu, ambayo hapa kwetu hayakosekani, lakini maziwa ndiyo yanayoaminika zaidi. Usilifunge kwenye tishu kavu, likikauka limekufa. La utotoni halirudishwi, ila mtoto aonwe na daktari vilevile. Baada ya saa nyingi mfukoni hilo la jana huenda lisishike, lakini mpeleke leo: pengo la mtoto lina matibabu yake.

Neno kwa wenye mamlaka. Katika vituo vingi vya wilaya nchini, huduma ya meno anayoikuta mwananchi ni kung'olewa. Kituo kinachojua kung'oa tu, hata kikifanya kazi yake kwa ustadi, kinazalisha vibogoyo. Hatuombi vipandikizi kila kata. Tunaomba vifaa vya kuziba visikauke, na tunaomba siku maalumu ambayo mtaalamu wa meno bandia atakuja wilayani kuchukua vipimo, kazi ikafanyikie kwenye maabara Tanga mjini, na meno yarudi kwa mgonjwa. Mzee wa Mwera asilazimike kusafiri kilomita 50 na zaidi mara nne au tano, kwa maana ndizo safari ambazo seti moja inaweza kuhitaji, kuanzia kuchukua umbo la taya, kupima kwa nta, kujaribu, kuvaa, hadi kurekebisha. Wenye bima nao waelezwe wazi kabla ya kufika dirishani kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi.

Kwa sasa, anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwenda kitengo cha kinywa na meno cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kwa kesi ngumu zaidi, Muhimbili, Dar es Salaam. Uliza kwa simu kwanza siku ambazo mtaalamu wa meno bandia yupo. Kama umeng'oa karibuni, uliza pia usubiri muda gani fizi zipone kabla ya vipimo. Beba orodha ya dawa unazotumia, hasa za kisukari, presha na za kuzuia damu kuganda. Na beba picha ya zamani, hata ile ya harusi iliyofifia, ambayo ulikuwa unacheka mdomo wazi. Itamsaidia fundi kupanga meno ya mbele yafanane na yale uliyokuwa nayo.